Jinsi ya kujifunza besi ya wimbo kwa sikio, kuanzia kusikiliza hadi kuupiga wote

Ukitaka kujua kama besi ya wimbo fulani umeshaishika, zima muziki, weka gitaa chini, halafu uiimbe. Dum, dum, da-dum. Haihitaji sauti nzuri. Ukiweza kuiimba kuanzia utangulizi hadi mwisho bila kukwama, kilichobaki ni kazi ya vidole, na vidole hufundishika. Ukikwama kwenye mdomo, utakwama palepale ukiwa na gitaa mkononi, hata ulikumbatie usiku kucha. Kwa hiyo katika mwongozo huu gitaa litakaa pembeni kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Naomba uvumilie hilo, kwa sababu ndilo linaloamua kama wimbo utakukaa kichwani kwa wiki moja au kwa miaka.

Nachukulia una gitaa la besi la nyuzi nne, unajua kubonyeza freti mpaka noti itoke safi, na unapiga kwa mkono wa kulia. Kama wewe ni wa kushoto, geuza maelekezo ya mikono.

Kwanza, isikie besi yenyewe

Wengi hushindwa hapa bila kujua. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Uzi wa A ni mara 55, D ni mara 73, na G ni mara 98. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo ya chini kiasi hicho. Unachosikia kupitia simu ni mitetemo ya juu inayoambatana na noti, kisha ubongo unajazia iliyobaki. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba besi "haisikiki" kwenye wimbo, kumbe ipo na imejaa tele. Tumia hedifoni zinazoziba masikio vizuri, au spika kubwa.

Besi ikiendelea kujificha, kuna njia tatu. Moja ni kusikiliza upande mmoja wa hedifoni kwa zamu, kwa sababu baadhi ya rekodi za zamani za stirio ziliweka besi upande mmoja tu. Nyingine ni kupunguza sauti za juu kwenye kisawazisha sauti ili matoazi na uimbaji virudi nyuma. Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: ingiza wimbo kwenye programu kama Audacity, uupandishe oktava moja, yaani nusu toni 12 (umbali wa freti 12). Waimbaji watasikika kama watoto, lakini besi itapanda hadi kwenye eneo ambalo sikio linatofautisha noti kwa urahisi. Ukishaijua noti, unaishusha tena oktava moja kwenye gitaa lako.

Siku hizi zipo pia programu za kutenganisha vyombo, zinazokuachia besi peke yake. Zitumie kuhakiki kazi yako baada ya kujaribu mwenyewe. Ukianza nazo, utazoea kusikia besi iliyotengwa, na siku utakayosimama katikati ya bendi sikio lako halitajua pa kuitafuta.

Kwa wimbo wa kwanza, chagua wenye kipande cha besi kinachojirudia, ngoma zinazosikika wazi, na kasi ya wastani, tuseme kati ya mapigo 80 na 110 kwa dakika. Usichague wimbo unaoupenda kupita yote kama una besi ngumu. Utaufikia.

Linganisha gitaa na rekodi

Linganisha nyuzi kwa kifaa au programu ya kulinganishia: E, A, D, G kuanzia uzi mnene. Kisha sikiliza rekodi ukiwa na gitaa. Wakati mwingine kila noti unayoitafuta inaangukia katikati ya freti mbili, si huku wala si kule. Hapo kosa si lako. Huenda kanda ya rekodi ilikimbizwa kidogo au ilipunguzwa kasi, au wanamuziki walilinganisha vyombo vyao wao kwa wao tu. Shusha au pandisha nyuzi zako kidogo mpaka zikubaliane na wimbo, ufanye mazoezi hivyo, kisha uzirudishe.

Ukikuta besi inashuka chini ya uzi wa E ulio wazi, ama mpigaji alikuwa na gitaa la nyuzi tano, ambalo uzi wake wa ziada ni B ya chini, ama alilegeza nyuzi. Kama ni noti moja tu, D, legeza uzi wa E hadi D. Kama ni nyingi, zipige oktava moja juu bila kuona haya.

Chora ramani

Chukua karatasi. Cheza wimbo wote huku ukihesabu moja-mbili-tatu-nne, na kila mzunguko wa nne uuhesabu kuwa baa moja. (Wimbo ukiwa wa tatu-tatu utauhisi unayumba ukihesabu nne, badilisha.) Andika: utangulizi baa 4, ubeti baa 16, kiitikio baa 8, na kuendelea. Weka alama pale besi inapobadilika na pale inaponyamaza. Usiandike noti yoyote bado.

Kazi hii ya dakika kumi itakuonyesha kwamba wimbo wa dakika nne mara nyingi una vipande viwili au vitatu tu vya kujifunza. Itakuonyesha pia mahali ambapo mpigaji alivunja mazoea, kama vile baa ya mwisho kabla ya kiitikio. Hapo ndipo wengi hupotea jukwaani.

Tafuta noti za msingi

Sasa shika gitaa. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinazopigwa na gitaa au kinanda zinahama, na kila zinapohama besi kwa kawaida hutua kwenye noti ya msingi ya kodi mpya katika pigo la kwanza. Noti hizo ndizo nguzo. Tafuta nguzo zote za kipande kimoja kabla ya kugusa kitu kingine.

Simamisha wimbo mara tu besi inapotua, na uiimbe noti hiyo kwa sauti, mmmm, bila kuiachia. Kisha panda uzi wa E freti kwa freti mpaka gitaa likubaliane na koo lako. Kila freti ni nusu toni, hivyo kati ya uzi wazi na freti ya 12 noti zote zipo. Hakuna pa kujificha. Ukipata, cheza wimbo tena na uipige noti hiyo juu yake. Ikiwa sahihi, besi ya rekodi itaonekana kama imenenepa. Ikikosewa kwa nusu toni utasikia mkwaruzano mara moja.

Kosa gumu kuligundua ni lile lisilokwaruza. Noti ya tano ya kodi, ile ambayo waimbaji wa do-re-mi huiita so, inapatana na msingi kiasi kwamba sikio changa huikubali badala ya do. Dawa yake ni kuiacha noti uliyoipata ilie kwa baa nzima. Do hukaa chini kama nyumba kwenye msingi wake. So huacha kodi ikining'inia, kama sentensi ambayo haijaisha. Pia hakikisha oktava: A ya freti ya 5 kwenye uzi wa E na A ya freti ya 7 kwenye uzi wa D zina jina moja lakini hazifanyi kazi moja.

Mdundo kabla ya noti nyingine

Ukishapata nguzo, acha kutafuta noti. Piga makofi ya besi. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na", makofi yakiangukia pale tu besi inapogonga. Sikiliza ngoma kubwa ya miguu, kiki. Mara nyingi besi na kiki hutembea pamoja, na ukiipata moja umeipata nyingine. Pale zinapoachana, andika.

Kisha piga gitaa mdundo mzima kwa kutumia noti za msingi pekee, hata kama unajua rekodi ina noti nyingine. Utashangaa jinsi wimbo unavyosikika karibu sawa. Mdundo sahihi wenye noti pungufu unachezeka. Noti zote sahihi zenye mdundo uliopinda haziwezi kumfanya mtu atikise hata kichwa.

Jaza noti zilizobaki

Hapa nataka tutumie mfano niliouunda kwa ajili yako. Chukua kodi nne, baa moja kwa kila moja: A ndogo (Am), F, C, G. Nguzo zake ni A (uzi wa E, freti ya 5), F (uzi wa E, freti ya 1), C (uzi wa A, freti ya 3) na G (uzi wa E, freti ya 3). Tuseme umesikia kwamba katika kila baa besi inagonga pigo la kwanza, kisha "na" ya mbili, kisha pigo la nne, kisha "na" ya nne. Umeshajua kwamba noti mbili za kwanza ni noti ya msingi. Ile ya pigo la nne inaruka juu, lakini inasikika kama noti ileile: hiyo ni oktava. Na ile ya mwisho?

Ile ya mwisho ni noti ya kuvukia. Kazi yake ni kukupeleka kwenye nguzo inayofuata, na karibu kila mara hukaa freti moja au mbili kutoka pale unapokwenda. Usiitafute gizani, anza na noti hizo jirani. Baa ya kwanza basi inakuwa hivi, namba zikiwa ni freti:

```
G|------------------------|
D|------------------7-----|
A|------------------------|
E|5--------5-----------3--|
  1  na 2  na 3  na 4  na
```

Freti ya 3 ni G, ngazi kati ya A na F. Kutoka F kwenda C unavukia B, uzi wa A freti ya 2, nusu toni chini ya C. Kutoka C kwenda G unavukia A, toni moja juu. Kutoka G kurudi A unapita freti ya 4, katikati yao. Kila kitu kingine ni umbo lilelile lililohamishwa: oktava daima iko nyuzi mbili mbele na freti mbili juu. Baa nne zenye noti 16 zimegeuka kuwa umbo moja na vivuko vinne. Ukijifunza hivi, siku kiongozi wa bendi akisema wimbo upandishwe toni moja ili mwimbaji apate nafasi, unahamisha kila kitu freti mbili na unaendelea.

Maumbo mengine ya kukariri, ukianzia noti ya msingi kwenye uzi wa E au A: noti ya tano iko uzi unaofuata, freti mbili juu. Ya nne iko uzi unaofuata, freti ileile. Ya tatu ya kodi kubwa iko uzi unaofuata, freti moja nyuma. Ya kodi ndogo iko freti mbili nyuma, au freti tatu juu kwenye uzi uleule. Ya saba iliyoshushwa iko nyuzi mbili mbele, freti ileile. Nyimbo nyingi mno zimejengwa kwa hizi tu, na sikio likijua ladha ya kila moja, utaacha kutafuta na kuanza kutambua.

Tabo za watu wengine, ile mistari minne yenye namba, zinaweza kukusaidia pale ulipokwama. Lakini zisome kama ushauri wa jirani. Niliwahi kukariri wimbo mzima kutoka kwenye tabo, nikaupiga kwa miezi, kisha siku moja nikausikiliza kwa makini na kukuta ubeti wa pili una besi tofauti kabisa ambayo mwandishi aliiruka. Ilinichukua muda mrefu kuyafuta makosa yale vidoleni kuliko ambavyo ningetumia kujifunza kwa sikio.

Wapi kwenye shingo

Noti moja ya besi inapatikana sehemu kadhaa. A ya freti ya 5 kwenye uzi wa E ni noti ileile ya uzi wa A ulio wazi, lakini sauti si moja: uzi wazi hulia kwa mwanga na urefu, freti ya 5 hutoa sauti nene na ya mviringo. Linganisha na rekodi. Kisha angalia mkono. Katika mfano wetu, ukitumia A ya uzi wazi na oktava yake kwenye uzi wa G freti ya 2, baa zote nne zinakaa kati ya freti ya 1 na ya 5. Ukitumia freti ya 5 ya uzi wa E, unapaswa kuruka kutoka freti ya 7 hadi ya 3 ndani ya nusu pigo. Mimi ningechagua sauti nene kama kasi inaruhusu.

Kwenye gitaa la kawaida la besi, nafasi ya freti ya kwanza ina karibu sentimita 5, na inapofika freti ya 12 nafasi imepungua kwa nusu. Huko kwenye freti za mwanzo usijilazimishe kuweka kidole kimoja kwa kila freti. Wapigaji wa kontrabasi hutumia cha shahada, cha kati na kidogo, huku cha pete kikikisaidia kidogo, na mbinu hiyo inafaa hapa pia. Mkono ukiuma, acha. Maumivu ya kifundo cha mkono si dalili ya bidii.

Noti inaishia wapi?

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ningetaka uisome mara mbili, ni hii. Wanafunzi husikiliza noti inaanza lini. Karibu hakuna anayesikiliza inakoma lini. Na besi huishi hapo: kimya kati ya noti mbili ndicho kinachofanya mdundo uruke au ulale.

Rudi kwenye mfano. Noti ya pigo la kwanza inaweza kulia mpaka ya pili ianze, au ikakatwa kwenye pigo la pili, pale sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapogonga. Ni noti zilezile na mdundo uleule, lakini ni nyimbo mbili tofauti. Jaribu zote mbili sasa hivi, polepole, na utahisi mwilini. Kisha rudi kwenye rekodi yako na uimbe tena ile besi, safari hii ukiwa makini na mwisho wa kila noti: daaaa au da?

Kukata noti iliyobonyezwa ni rahisi: legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Uzi wazi unahitaji kuguswa kwa mkono wa kushoto au kwa kidole cha kulia kitakachopiga noti inayofuata. Nyuzi usizozipiga nazo zinyamazishwe, la sivyo hutetemeka zenyewe na kuacha ukungu chini ya kila kitu. Egemeza gumba la kulia juu ya uzi wa E unapopiga nyuzi za juu. Baadhi ya rekodi zina noti fupi kwa sababu ya chombo chenyewe: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia nyuzi bapa (zenye uso laini) zilizozeeka, na sponji karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwake, ilifupisha mlio. Ukikosa sauti ya namna hiyo, kunja kipande cha kitambaa ukiweke chini ya nyuzi karibu na daraja.

Utasikia pia milio isiyo na noti, "tk" kavu kati ya noti mbili. Hizo ni noti bubu: vidole vya kushoto vinagusa uzi bila kubonyeza, cha kulia kinapiga kama kawaida. Ziweke mwisho kabisa, baada ya noti halisi kukaa.

Mkono wa kulia

Pokezanisha kidole cha shahada na cha kati, bila kurudia kimoja mara mbili isipokuwa unaposhuka kutoka uzi mwembamba kwenda mnene, ambapo kidole kilekile kinaweza kuteleza. Si sheria ya lazima. Jamerson alipiga kwa kidole cha shahada peke yake, na Carol Kaye alijenga kazi kubwa ya studio kwa kutumia kipiki, kile kibamba kidogo cha kupigia nyuzi. Lakini mtu anayeanza akizoea kupokezana vidole, kasi haitamsumbua baadaye. Ukisikia mlio mkali wenye ncha kwenye rekodi, jaribu kipiki au sogea karibu na daraja. Ukisikia mlio laini, sogea kuelekea shingo.

Polepole, kwa kipande

Wimbo ukiwa na mapigo 100 kwa dakika, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60. Chukua baa mbili tu, pamoja na noti ya kwanza ya baa ya tatu, kwa sababu makosa mengi hukaa kwenye mshono kati ya vipande. Zipige mpaka zitoke safi mara tano mfululizo, kisha pandisha mapigo 5. Ukiharibu, shuka 10, usishuke 5. Unaweza pia kupiga na rekodi yenyewe iliyopunguzwa kasi: YouTube ina kasi ya 0.75 na 0.5, na Audacity hupunguza mwendo bila kushusha noti.

Fanya dakika ishirini, pumzika, urudi kesho. Sehemu iliyokushinda leo anza nayo kesho, vidole vikiwa vipya.

Ukifika kasi kamili, piga na rekodi wimbo wote bila kusimama hata ukikosea. Kujifunza kuendelea baada ya kosa ni ustadi wa peke yake. Kisha jirekodi kwa simu ukipiga na wimbo, sikiliza, na uulize maswali mawili tu: je, nimekuwa nikiitangulia kiki? Je, noti zangu zinakoma pale zinapokoma za rekodi? Ukimaliza, ondoa besi ya rekodi kwa programu ya kutenganisha vyombo, upige wewe peke yako juu ya ngoma na waimbaji.

Jambo la mwisho la kuandika kwenye ramani yako ni namna wimbo unavyoisha. Rekodi nyingi hazina mwisho, hufifia tu huku besi ikirudia kiitikio, na jukwaani hakuna wa kuwafifisha. Chagua baa mtakayokomea, mkubaliane na mpiga ngoma, na noti ya msingi ya mwisho uiache ilie mpaka yeye aizime toazi yake.